Fuata Thamani Moja: Niliyojifunza Kati ya Jedwali na Simu

Kazi yangu ina pande mbili. Upande mmoja naandika programu za simu ambazo watu huzitumia kujaza fomu wakiwa nje ya ofisi, mara nyingi pasipo na mtandao. Upande wa pili nazipokea data zile zile zikiwa kwenye mafaili, nazisafisha, nazichambua kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na kuwapa majibu watu wanaosubiri kuamua jambo. Kuvuka huku na kule kwa miaka kumenipa imani moja ninayoishikilia sana: matatizo mengi ya programu hayazaliwi pale yanapoonekana. Yanazaliwa mpakani, pale data inapotoka mkono mmoja na kuingia mwingine. Kidole kinagusa fomu, fomu inakwenda seva, seva inatoa faili, faili linageuka jedwali. Katika kila mpaka ipo programu inayokisia jambo bila kukuambia.

Ndiyo maana njia yangu ya kutafuta chanzo ni rahisi kuieleza, ingawa kuivumilia ni kazi. Nachagua thamani moja iliyoharibika, moja tu, na kuifuata kinyumenyume hadi mahali pa mwisho ilipokuwa sahihi. Siangalii wastani wala mchoro. Natafuta tarakimu za mtu mmoja kwenye mstari mmoja.

Mfano ninaoupenda kuanza nao ninapofanya kazi na mwenzangu mgeni ni wa vitambulisho. Fomu inampa kila mhojiwa kitambulisho kinachoanza na sifuri, tuseme 00712. Kwenye simu kinasomeka 00712. Kwenye seva, 00712. Lifungue faili la CSV kwa kihariri cha maandishi matupu, bado ni 00712. Lisome kwa pandas, maktaba ya Python ya kufanyia kazi majedwali, utakuta 712. Faili la CSV halijui aina za data. Lina herufi na mikato, basi. pandas ikiona safu nzima ina tarakimu inakisia kwamba ni namba kamili, na namba kamili haina sifuri mbele. Likitokea pengo hata moja katika safu hiyo, mambo yanazidi: pengo linawakilishwa na NaN, NaN ni namba ya desimali, kwa hiyo safu nzima inahamia kwenye desimali. Sasa una 712.0. Igeuze kuwa maandishi ili uiunganishe na jedwali jingine, utapata "712.0", ambayo haitafanana na kitambulisho chochote upande wa pili.

Dawa yake ni fupi. Wakati wa kusoma faili, taja kwamba safu hiyo ni maandishi, kwa dtype=str. Ikiwa kweli unahitaji namba kamili zenye mapengo, pandas ina aina ya Int64, kwa herufi kubwa I, inayokubali pengo bila kugeuza namba. Lakini kanuni ninayoitumia haihitaji kukumbuka majina ya aina: kitu ambacho sitakijumlisha wala kukitafutia wastani, nakisoma kama maandishi hata kama kimeandikwa kwa tarakimu tupu. Namba za simu, namba za akaunti na misimbo ya maeneo zote zinaingia humo.

Wanaodhani hili ni tatizo la wanaoanza wanakosea. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba; ya kumi na sita na kuendelea zinakuwa sifuri, na kitambulisho kirefu kinaharibika kwa kulifungua faili na kulihifadhi tu. Wanasayansi wa jeni waliteseka kwa miaka kwa kuwa jina la jeni kama MARCH1 au SEPT1 lilikuwa linageuzwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza miongozo iliyobadilisha majina hayo, yakawa MARCHF1 na SEPTIN1. Upande wa simu nao hauko salama. Lugha ya JavaScript huhifadhi namba zake kwa desimali za biti 64, hivyo namba kamili inayoaminika haizidi 9007199254740991. Twitter ilipohamia kwenye vitambulisho virefu mwaka 2010 ililazimika kutuma kila kitambulisho mara mbili, kama namba na kama maandishi. Ukiandika programu ya simu kwa React Native, inayotumia JavaScript, na seva yako inatoa vitambulisho vya biti 64, tatizo hilo ni lako pia.

Tuje kwenye kuunganisha majedwali, mahali ninapoona watu wakipoteza siku nyingi kuliko popote. Una jedwali la wahojiwa na jedwali la ziara. Unaziunganisha kwa kitambulisho, na matokeo yana mistari mingi kuliko ziara zenyewe. Hakuna kosa lililotokea. Hakuna maandishi mekundu. Jumla tu imekua, na kama hukuhesabu mistari kabla na baada, ripoti inaondoka hivyo. Sababu ni kwamba kitambulisho kimejirudia kwenye jedwali la wahojiwa, na kila mrudio unazidisha ziara zake. Kuna mtego wa pili pia: pandas huoanisha mapengo kwa mapengo, yaani mistari isiyo na kitambulisho upande huu inaungana na isiyo na kitambulisho upande ule, jambo ambalo hifadhidata ya SQL hailifanyi. Aliyezoea SQL anashikwa hapo.

Siku hizi siandiki merge, amri ya pandas ya kuunganisha majedwali, bila kueleza ninachotarajia. Naongeza validate="many_to_one", na kama kitambulisho kimejirudia kule kusikotakiwa, kazi inasimama papo hapo na kosa la wazi. Naongeza pia indicator=True, inayoweka safu ya kunionyesha kila mstari umetoka wapi: kushoto, kulia au pande zote. Ni maneno machache tu, na yanageuza tatizo la kimya kuwa tatizo lenye sauti. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kabisa kati ya matatizo. Programu inayoanguka inakuheshimu, inakuonyesha mahali. Inayoendelea na jibu lisilo sahihi ndiyo ya kuogopwa.

Ushahidi wa umma upo. Mwaka 2020 kule England, maambukizi 15,841 ya korona yalikosekana kwa siku kadhaa kwenye takwimu za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya muundo wa zamani wa XLS, ambao karatasi yake moja ina mistari 65,536 tu. Iliyozidi ikakatwa. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Nikisisitiza kuhesabu mistari kwenye kila mpaka, namaanisha hivyo: imeingia mingapi, imetoka mingapi, na tofauti ina maelezo gani.

Turudi kwa kitambulisho kilichojirudia. Wachambuzi wengi huishia kwenye drop_duplicates, amri ya kufuta mirudio, na kuendelea na safari. Sipendi kuishia hapo, kwa kuwa mrudio una historia. Niliwahi kufuatilia rekodi moja iliyokuwa mara mbili, ikiwa na majibu yale yale na sekunde chache kati ya nakala mbili. Kwenye jedwali hapakuwa na la kueleza zaidi. Nikaenda kwenye kumbukumbu za seva: maombi mawili yalipokelewa, na yote yakajibiwa vizuri. Nikaenda kwenye simu: mtandao ulikuwa dhaifu, simu ikatuma, seva ikapokea na kuhifadhi, jibu likapotelea njiani. Simu, isiyojua kwamba kazi imekwisha, ikatuma tena. Kila kipande cha mfumo kilifanya kilichoagizwa. Mpaka ndio uliokosa makubaliano.

Hili haliponi kwa kuzima kitufe baada ya kuguswa, ingawa hilo nalo lifanyike. Linapona kwa kuipa fomu utambulisho wake pale inapofunguliwa kwenye simu, kabla ya mtandao kuhusika. Tunatengeneza UUID, kitambulisho cha kipekee cha biti 128, inakaa na rekodi maisha yake yote, na seva ina sharti la upekee kwenye safu hiyo. Simu ikituma mara moja au mara nyingi, seva inaitambua rekodi na kujibu "nimeshaipata". Baada ya hapo foleni ya kutuma inaweza kujaribu tena bila hofu. Na kule kwenye uchambuzi, drop_duplicates imebaki kuwa ukaguzi tu, haifichi tena kitu.

Tarehe zinastahili aya zake, maana humo ndimo nilimojifunza kusoma umbo la kosa. Ukiona mchoro wa ziara una siku za baadaye ambazo hazijafika, au mwezi mmoja umegawanyika na kusambaa miezi yote kumi na miwili, usianze kutafuta kwenye msimbo wa mchoro. Tarehe 03/04 inasomeka Machi nne kwa wengine na Aprili tatu kwa wengine. Siku zinazozidi 12 haziwezi kugeuzwa mwezi, kwa hiyo katika programu inayokisia mstari kwa mstari, nusu ya kwanza ya mwezi inaharibika na nusu ya pili inabaki salama. Ukiliona umbo hilo, umeshajua sababu kabla ya kufungua faili. pandas ya zamani ilikuwa inakisia hivyo kwa kila mstari. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023 inachukua muundo wa thamani ya kwanza na kuutumia kwa safu nzima, na isipolingana inatoa kosa. Watu walilalamika kwamba misimbo yao imevunjika. Mimi nilifurahi, kwa sababu kilichovunjika kilikuwa hakifanyi kazi sawasawa tangu mwanzo. Hata hivyo naitaja format, yaani muundo wa tarehe, mwenyewe, sisubiri kukisiwa.

Na ukiifuata tarehe moja hadi kwenye simu, utakuta chanzo chenyewe: programu iliyoandika tarehe kwa mtindo wa lugha ya simu. Simu hii imewekwa Kiingereza cha Marekani, ile Kifaransa, na kila moja inatuma tarehe kwa desturi yake. Hali ni hiyo hiyo kwa namba. Simu iliyowekwa Kijerumani au Kifaransa inaandika 3,5 mahali pa 3.5, na String.format, amri ya kupanga maandishi, kwenye simu iliyowekwa Kiarabu inaweza kutoa tarakimu za Kiarabu kabisa, ambazo seva itazikataa au, vibaya zaidi, itazihifadhi kama maandishi. Kanuni yetu ni kwamba kinachosomwa na binadamu kiandikwe kwa lugha yake, na kinachosomwa na mashine kiandikwe kwa muundo mmoja usiobadilika. Kwenye Kotlin na Java, lugha za kuandikia programu za Android, tunataja Locale.ROOT, yaani mpangilio usiofuata lugha ya simu, kwa kila kinachotumwa. Tarehe zinakwenda kwa muundo wa kimataifa wa ISO 8601, mwaka kwanza, saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na majira ya eneo yanahifadhiwa pembeni kama yanahitajika. Tunahifadhi pia saa ambayo seva imepokea, kwa kuwa saa ya simu ni ya mwenye simu, na anaweza kuibadilisha anavyotaka.

Upande wa simu una matatizo yake ambayo hayatoki kwenye data kabisa, lakini nayo nimeyakuta mipakani. Mpaka wa kwanza ni kati ya skrini na uhai wa programu. Mtu amejaza nusu ya fomu, amegeuza simu ikalala upande, na fomu imekuwa tupu. Android, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huivunja skrini na kuijenga upya inapogeuzwa. ViewModel, sehemu ya programu inayotunza data skrini inapojengwa upya, inaokoa hali hiyo. Lakini ViewModel haiokoi hali nyingine iliyo mbaya zaidi: mtu amepokea simu katikati ya mahojiano, mfumo umehitaji kumbukumbu, ukaiua programu nzima iliyokuwa nyuma. Akirudi anakuta ameanza upya. Kwenye meza ya mwandishi wa programu tatizo hili halionekani kamwe, kwa kuwa simu yake ni mpya na ina nafasi. Kwenye mipangilio ya wasanidi programu kuna chaguo la kutotunza skrini zilizoachwa. Liwashe, na uongeze kuiua programu kwa makusudi ikiwa nyuma, kisha ujaribu fomu yako. Uamuzi tuliofikia ni kuandika kila jibu kwenye hifadhidata ya ndani ya simu mara tu linapoingizwa. Kitufe cha kuhifadhi kimebaki cha kumpa mtu uhakika.

Mpaka wa pili ni kati ya uzi mkuu, yaani mkondo wa kazi unaochora skrini na kupokea miguso, na kazi nzito. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16 kwa kila mchoro, na kazi yoyote inayozidi hapo juu ya uzi mkuu inaonekana kama kukwamakwama. Mguso usipojibiwa kwa sekunde tano, Android inamwambia mtumiaji kwamba programu haijibu. Kusoma mtandao juu ya uzi huo kulipigwa marufuku tangu Android 3.0, mwaka 2011, lakini kusoma faili kubwa au kuchambua JSON ndefu (muundo wa maandishi wa kubebea data) hakukupigwa marufuku, ndiyo maana bado nakukuta. Data chache za majaribio hazionyeshi kitu. Jaza simu kwa rekodi nyingi kama zitakavyokuwa baada ya msimu mzima, ndipo ujaribu.

Mpaka wa tatu ni kati ya toleo la majaribio na toleo la kutolewa kwa watu. Huu umewachosha wengi niliofanya nao kazi. Kila kitu kinakwenda sawa kwenye meza. Programu ikishatolewa, data hazifiki. Kwenye Flutter, zana ya kuunda programu za simu, sababu moja ni ruhusa ya intaneti: kiolezo cha mradi kinaiweka kwenye manifesti (faili linalotaja ruhusa za programu) ya majaribio peke yake, na wewe unapaswa kuiongeza kwenye manifesti kuu. Kwenye Android kwa jumla, sababu nyingine ni R8, zana inayofupisha majina ya madarasa na sehemu zake wakati wa kutoa toleo la mwisho. Maktaba inayotafuta majina hayo ili kujaza JSON inakosa kuyaona na kuacha mapengo. Mapengo hayo, usisahau, yataingia kwenye jedwali la mchambuzi yakiitwa NaN. Sababu ya tatu ni anwani ya seva. Ndani ya emuleta ya Android, yaani simu ya kuigiza kwenye kompyuta, localhost (anwani ya "hapa hapa") ni emuleta yenyewe, na kompyuta yako inapatikana kwa 10.0.2.2; kwenye simu halisi hakuna kati ya hizo mbili inayokufikisha. Na tangu Android 9 mawasiliano ya HTTP yasiyosimbwa yamezuiwa, isipokuwa uombe ruhusa waziwazi.

Nimetaja sana makosa ya kimya, lakini hata yenye sauti yanahitaji kusomwa. Kwenye Python anza na mstari wa mwisho, halafu panda juu hadi ukutane na faili lako mwenyewe. Kwenye Java na Kotlin shuka hadi "Caused by" ya chini kabisa. Ile ya juu mara nyingi inaeleza matokeo. Maonyo nayo ni ya kusomwa. Lile la pandas kuhusu kuandika juu ya nakala limezimwa kwenye misimbo mingi niliyorithi, ilhali linakueleza jambo la kweli: ukichuja jedwali kwa mabano kisha ukaandika thamani kwa mabano mengine, huenda unaandika kwenye nakala inayotupwa, na jedwali lako linabaki vile vile. Andika kwa .loc, kwa hatua moja. Toleo la 3 la pandas limefunga mjadala huo: kuandika kwa mabano mawili hakubadilishi jedwali la asili kamwe.

Nisipopata chanzo kwa kusoma, napunguza. Natoa safu zisizohusika, kisha mistari, hadi jedwali libaki na mistari michache ambayo bado inaleta kosa. Mara nyingi jibu linajitokeza kabla sijamaliza kupunguza, na lisipojitokeza, ninacho kipande ninachoweza kumwonyesha mwenzangu bila kutoa taarifa za mtu yeyote. Kwa kosa lililoingia wakati usiojulikana, git bisect, amri ya kutafuta badiliko lililoleta kosa, inagawa historia ya msimbo nusu kwa nusu. Mabadiliko elfu moja yanakaguliwa kwa hatua kama kumi. Programu za akili unde nazo zinanisaidia kueleza ujumbe wa kosa unaofahamika, lakini haziioni data yangu, na swali la mpakani linahitaji kuiona.

Lipo tatizo ambalo bado liko mezani kwangu. Baadhi ya simu zinaichelewesha kazi ya kutuma rekodi nyuma ya pazia, na data zinafika saa nyingi baada ya mahojiano. Android ilianza kulaza kazi za nyuma tangu toleo la 6.0, na WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi za nyuma, hairuhusu kazi ya kujirudia chini ya dakika 15, kwa hiyo kuchelewa kidogo kunatarajiwa. Saa nyingi hakutarajiwi. Nimeongeza safu tatu kwenye kila rekodi: saa ya kukamilika, saa ya jaribio la kwanza la kutuma, na saa ya kupokelewa. Wiki hii nazipanga kwa aina ya simu, na nimeshachagua rekodi moja ya kuanza nayo.